Samaki Niliyempa Meno

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kamera. Nilipewa kitambaa na kuambiwa nifute vioo vya kabati. Studio ilikuwa mjini Baraka, kando ya ziwa, karibu na soko, chumba kimoja chenye pazia la bluu, na mwenye studio, ambaye sote tulimwita Patron, aliamini kwamba mtu asiyeweza kufuta kioo bila kuacha alama ya kidole hatajua kamwe kutunza lenzi. Nilifuta wiki nzima. Wiki ya pili akaniruhusu kupiga picha ndogo za vitambulisho, na hapo nikaanza kazi ambayo nimeifanya mpaka nywele zimekuwa nyeupe.

Siku hizi vijana wanakuja kwangu wanataka kujifunza picha za karibu: mdudu kwenye ua, jicho la kinyonga, pete ya harusi. Nawapenda, lakini wananichemsha damu. Wananunua kwanza, wanauliza baadaye. Wananunua mirija ya kurefusha lenzi, yote mitatu kwa mpigo, wanaipachika yote, halafu wananiletea picha zenye ukungu na kusema kamera ni mbovu. Kamera si mbovu. Mke wangu ananiambia nishushe sauti, majirani watadhani tunapigana. Sishushi. Nina sababu ya kukasirika kuhusu mirija, na nitaieleza hapa tangu mwanzo wake, kwa sababu imenikaa kooni miaka mingi.

Kazi ya mirija nilijifunza mahali paitwapo Nundu. Baada ya studio niliajiriwa na zahanati moja iliyohitaji picha za vidonda vya ngozi na za konokono wa kichocho, wale wadogo wanaokaa kwenye majani ya maji ambako wanawake wanafulia nguo. Mkuu wa maabara alikuwa mama mfupi, mkali, mwenye kalamu tatu mfukoni, na hakuwa na subira na mtu anayebahatisha. Siku aliyonipa kisanduku cha mirija nilichukua mrefu kuliko yote, maana nilidhani mkubwa ndiyo bora. Akaninyang'anya.

“Usianze na tube,” alisema. “Anza na konokono. Iko na urefu gani? Batu bataangalia nini kwake? Ukishajua ile, tube itajichagua yenyewe.”

Mrija ni pete nene inayokaa kati ya kamera na lenzi. Ndani hamna kioo. Ni hewa tupu. Kazi yake ni kuisogeza lenzi mbali na kamera ili iweze kuona kitu kilicho karibu sana, kitu ambacho kwa kawaida ingekiona kama doa tu. Hesabu yake ni rahisi na sijui kwa nini watu wanaikimbia: gawanya urefu wa mrija kwa urefu wa lenzi. Mrija wa milimita ishirini na tano kwenye lenzi ya hamsini unakupa nusu ya ukubwa halisi wa kitu. Mrija huo huo kwenye lenzi ya mia unakupa robo tu. Mtu asiyeijua hesabu hiyo anachagua kwa macho ya tamaa.

Mama yule alinifundisha pia kile unachopoteza. Kila unaporefusha, mwanga unapungua, na ile sehemu ya kitu inayoonekana wazi inakuwa nyembamba. Ukiweka mirija mirefu, jicho la konokono linaonekana vizuri na gamba lake linayeyuka. Dawa yake ni kubana tundu la lenzi, lile tundu linalopitisha mwanga. Likiwa dogo, sehemu iliyo wazi inakuwa pana. Lakini lenzi za kisasa hazina pete ya kuzungusha kwa mkono. Tundu linabanwa na kamera yenyewe kwa umeme, kupitia vipini vidogo vya shaba. Kwa hiyo mrija mzuri una vipini vya shaba mbele na nyuma ili kamera na lenzi ziendelee kuelewana. Mrija usio na vipini unaikata lenzi ulimi. Tundu linabaki wazi lote, na wewe unabaki na picha ambayo kitu kimoja kinaonekana na vingine vyote ni uongo.

Kutoka Nundu nilikwenda Misisi, kwa sababu kule kulikuwa na dhahabu na wenye dhahabu walitaka picha. Nilifanya kazi kwa mnunuzi mmoja ambaye alikuwa anawatumia wateja wake wa mbali picha za chembe alizonunua mashimoni. Tulimwita Boss. Alikuwa mtu wa kelele, pikipiki zake zilijulikana kwa mlio kabla hazijafika. Siku moja akanisimamia nyuma ya mgongo.

“Ongeza! Ijaze picha yote! Nataka aone jiwe, si chembe!”

“Boss, akiona jiwe, atakuja kutafuta jiwe,” nilimjibu. “Na weye utamuonesha muchanga.”

Nikaweka mrija mfupi, na pembeni ya chembe nikalaza kijiti cha kiberiti, ili kila anayeangalia ajue ukubwa wake. Boss alinitukana kwa lugha tatu. Lakini picha ilikwenda na kijiti chake. Naandika jambo hili ili mjue kwamba nilikuwa nimeshajifunza kukataa. Nilimkatalia mtu ambaye mlangoni kwake walikaa walinzi wenye bunduki. Kwa hiyo asije mtu kunitetea kwa yale yaliyofuata.

Nilirudi Baraka, na nikaingia kwenye mradi wa kulinda samaki wa ziwa. Sitautaja jina, umeshafungwa. Wavuvi walikuwa wanalalamika kwamba mukeke, wale samaki wakubwa wanaowinda wenzao, wanapungua, na ikapitishwa kwamba wavu wowote unaokamata watoto wa mukeke utachukuliwa na kuchomwa mbele ya watu. Wazo halikuwa baya. Mtoto wa mukeke na ndagala aliyekomaa, yule dagaa mdogo wa ziwa, wanaweza kulingana urefu, na wote wanang'aa, kwa hiyo kamati ya ufukwe ilihitaji ushahidi. Ushahidi ndio ilikuwa kazi yangu. Mukeke ana meno na ana miba mgongoni. Ndagala hana meno ya kuonekana, na mgongo wake una pezi moja laini.

Mkuu wa ofisi, tuliyemwita Chef, alikuwa mwanaume nadhifu, mwenye shati jeupe hata siku ya tope, na alijua kuongea. Nilimwandikia kwenye karatasi ya maombi: mirija mitatu, yenye vipini vya shaba. Nilipiga mstari chini ya maneno hayo mara mbili. Ikaja mirija mitatu ya plastiki, isiyo na kipini hata kimoja.

“Chef, hizi haziwezi,” nilimwambia.

“Papa Foto, weye mwenyewe ulinielezaka ndani yake mule ni hewa tu. Hewa ya bei kali na hewa ya bei ya chini, tofauti iko wapi?”

Ofisi nzima ilicheka. Nami nilicheka, mjinga mimi. Kulikuwa na ujanja mmoja ambao mafundi wanaujua: unaweka lenzi kwenye kamera peke yake, unaiagiza ibane tundu, unashikilia kitufe cha kujaribia tundu, na unaichomoa lenzi kabla hujakiachia. Tundu linabaki limebanwa, halafu unaunganisha mirija. Chef aliniona nikifanya hivyo mara moja akapiga ukelele kwamba naharibu mali ya mradi. Akanikataza. Nikatii, na nikaendelea kutii miezi mingi, nikipiga picha za nyavu na mizani na mikutano, vitu visivyohitaji mrija.

Halafu ikaja asubuhi ya ufukwe wa Kazimia.

Tulifika kwa mtumbwi wa injini, mimi na Chef, jua limeshapanda. Mtu alikuwa amepeleka neno kwamba wavu wa Mama Riziki unakamata vitoto. Mama Riziki alikuwa mjane, mwenye wavu wake mwenyewe, na wajomba wa wanawe ndio waliomvulia. Pale ufukweni alikuwa mtu mwenye neno. Wanawake wakigombana juu ya beseni la samaki, wa kwanza alikuwa nani, wa pili alikuwa nani, waliitwa kwake, na alilosema likawa basi. Tulimkuta anasubiri, kanga kiunoni, beseni mbele yake.

Hakungoja salamu ndefu. Alichukua samaki mmoja akamwekea Chef mkononi.

“Papasa mugongo yake, baba. Pitisha kidole gumba, toka mukia uende ku kichwa. Mukeke itakuchoma. Hii haichome. Iko ndagala, ndagala tu.”

Hivyo ndivyo watu wa ziwa wanavyojua samaki. Mitumbwi ikirudi, mwanga bado haujatosha, wanawake wanawatenganisha kwa kidole gumba, hawaangalii hata. Bibi yangu alinifundisha nikiwa na miaka sita. Chef alimrudisha samaki kwenye beseni, akapangusa vidole kwa kitambaa.

“Mama, kidole haiandike rapport,” alisema. “Papa Foto, piga.”

Nilitoa mrija mfupi, wa milimita kumi na mbili. Ungetosha: samaki mzima, kichwa mpaka mkia, na rula pembeni.

“Si ule,” Chef alisema. “Weka zote tatu. Bafadhili wanataka kuona meno.”

Nilimtazama Mama Riziki. Alikuwa ananitazama mimi, si Chef, kwa sababu alijua mimi ni mtoto wa ziwa. Nami nikaweka mirija yote mitatu.

Kwa urefu ule kwenye lenzi ya hamsini huoni samaki. Unaona kichwa, tena kipande chake. Tundu lilikuwa wazi lote. Niliuona ukingo wa mdomo tu, na mgongo ulikuwa umeyeyuka kuwa moshi. Samaki alikuwa ametoka majini, ana matone kwenye taya. Sikumfuta. Mimi niliyefundishwa kufuta wiki nzima kabla ya kushika kamera, sikumfuta samaki. Jua lilipiga matone yale, na kwa kuwa hayakuwa wazi, kila tone likageuka kuwa nukta nyeupe ya mviringo. Zilijipanga kwenye taya, moja baada ya nyingine.

Chef aliangalia kioo cha kamera akapiga makofi.

“Voilà! Meno!”

“Chef, ile ni maji,” nilisema.

“Ni nini?”

“Nadhani ni maji.”

Nadhani! Nilijua. Nilijua kama ninavyojua jina langu, na nikasema nadhani, kwa sababu aliniuliza kwa sauti ya juu na watu walikuwa wanatuangalia. Nina hasira na mambo mengi ya maisha yangu, lakini hasira niliyonayo kwa neno lile haijapoa mpaka leo ninapoandika. Mtu mwenye ujuzi akisema nadhani mbele ya asiyejua, asiyejua ndiye anayeamua. Na aliamua.

Nilimfunga yule samaki kwenye jani nikarudi naye Baraka. Saa kumi jioni, dirishani kwangu, nilitoa lenzi yangu ya zamani, ile ya tangu studio, yenye pete ya tundu inayozungushwa kwa mkono. Hiyo haihitaji vipini vya shaba. Nikaweka mrija mfupi wangu mwenyewe, nikabana tundu, nikamfuta samaki kwa kitambaa safi, nikamlaza ubavu pembeni ya rula. Picha ilitoka ya kweli. Taya laini, hana jino. Mgongo wazi kabisa, pezi moja, hana mwiba. Ilinichukua dakika tano. Dakika tano ndizo zilizokuwa zimekosekana Kazimia.

Kesho yake nilimpelekea Chef ile picha, imechapwa. Aliiangalia. Sidhani kama hakuelewa. Alielewa vizuri sana.

“Rapport imeisha kwenda,” alisema. “Kamati iko na picha. Unataka niende niseme nini kule? Kama tulipigaka maji?”

“Chef, ni wavu ya mutu.”

“Na weye, contrat yako inaisha mwezi gani?”

Nilikuwa na watoto wanne shuleni, na mkataba ule ndio uliowalipia. Nimeshawaambia watu hilo mara nyingi, na kila ninapolisema linakuwa dogo zaidi. Kazimia nilikuwa na njia ya kufika. Kamati nilikuwa naijua. Ningepanda mtumbwi asubuhi ile ile nikawawekea picha mbele yao. Badala yake niliitia kwenye bahasha, nikaitia bahasha kwenye mtoto wa meza, nikafunga.

Siku iliyofuata nilitumwa kwenda kupiga picha za moto. Ndiyo, mimi mwenyewe. Wavu ulirundikwa mchangani, ukamwagiwa petroli, ukaungua kwa moshi mweusi unaonuka. Hapo sikuhitaji mrija wowote. Lenzi ya kawaida ilitosha kuwapata watu wote. Mama Riziki alisimama hajalia. Alikuwa anasema neno moja kwa kila aliyepita mbele yake: “Ndagala.”

Wavu mwingine ungepatikana. Ukoo wake ulikuwa mkubwa. Kilichoungua pale ni jina. Kuanzia siku ile wakamwita Mama Vitoto, mla watoto wa ziwa. Wanawake wakasogeza mabeseni yao mbali na lake. Wakigombana, wakaenda kuamuliwa kwingine. Nilikuwa nasikia haya Baraka, kutoka kwa watu wa mitumbwi waliosimulia kama kichekesho, na nilikuwa naendelea kuvaa kofia ya mradi.

Mradi uliisha kama inavyoisha miradi. Chef alihamia mji mwingine, kwenye cheo kikubwa zaidi. Mimi nilipewa saa ya ukutani na hotuba, wakasema nimefanya kazi kwa uaminifu. Nikarudi nyumbani nikaketi. Kustaafu si kupumzika, msidanganywe. Ukiwa kazini kila siku ina kelele yake inayofunika ya jana. Ukikaa, zinakuja zote. Nilifundisha vijana hesabu ya mirija, nikawaambia wapime kitu kwanza, wafute kitu kwanza, wanunue yenye vipini, wasirundike mitatu kwa sababu tu wanayo. Yote ni kweli na ningeyarudia kesho. Lakini kila nilipomaliza somo nilikuwa naona aibu, kwa sababu nilikuwa nawafundisha kuchagua mrija na siwafundishi kumwambia mkubwa wao kwamba ile ni maji.

Mwaka huu nikatoa bahasha, nikapanda mtumbwi wa kwenda Kazimia.

Nilimkuta mwisho wa soko, peke yake, anauza chumvi na mawese. Amezeeka, lakini mgongo umenyooka. Hakunikumbuka sura, lakini nilipotaja kazi yangu alinikumbuka mara moja. Nilimpa picha bila maelezo. Njiani nilikuwa nimeyapanga yote, vipini vya shaba, tundu, Chef, contrat, watoto wanne. Alipokea kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho.

“Hii njo yangu,” alisema.

“Ndiyo, mama. Njo yako.”

“Haina miba.”

“Haina.”

“Na mudomo haina kitu.”

“Haina kitu, mama.”

Halafu akaniuliza swali ambalo mimi, kwa miaka yote ile ya kujiandaa, sikuwa nimelitayarishia jibu.

“Ulipigaka hii mbele ya moto, ao nyuma ya moto?”

“Mbele,” nilisema, kabla haujawashwa.

“Siku ngapi mbele?”

“Siku mbili.”

Nilingoja matusi. Nilikuwa nayastahili na ningeyapokea. Hakutukana. Alisimama, akafunga kanga yake vizuri, akageukia soko akaita kwa sauti ambayo sikudhani bado anayo.

“Bamama! Mukuye hapa! Mukuye musikilize huyu papa!”

Wakaja, mikono imejaa magamba, wengine wakubwa wa kukumbuka, wengine wasichana ambao hawakujua jina lake lingine zaidi ya lile la kumcheka. Alinirudishia picha.

“Bainamishie baone,” alisema. “Na ile umeniambia, ubaambie na bo.”

Nilishika picha mbele yangu. Nikasema huyu ni samaki wa Mama Riziki wa siku ile, ni ndagala, hana jino, hana mwiba. Nikasema meno yaliyoonekana yalikuwa maji, na mimi ndiye niliyepiga, na nilijua. Nikasema nilikuwa na picha hii siku mbili kabla ya moto. Sauti yangu ilikuwa inakatika, na wanawake wa mbele walikuwa wameshaanza kushika vinywa.

“Sema tena,” Mama Riziki alisema. “Bale ba kule mwisho habayasikia.”